Chembe Zilizopinda

Nilipimwa damu kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu nilitaka kuwa mwalimu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya Ujamaa, na chuo kilichonichagua kilitaka kila mwanafunzi afike na cheti cha daktari kinachosema kwamba macho yanaona, masikio yanasikia, mapafu ni mazima na damu haina tatizo. Sikuwa na wasiwasi na lolote kati ya hayo. Nilikuwa msichana wa kubeba debe la maji kutoka kisimani mpaka nyumbani bila kulitua, na sikukumbuka homa iliyowahi kuniweka kitandani muda mrefu.

Kwetu kulikuwa nje kidogo ya Ikungi. Baba alikuwa mfugaji ambaye pia alilima uwele, na tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari na shamba la pamoja likiwa nyuma yake. Wazazi wangu walikuwa wamebaki na watoto wawili tu: mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na umri wa kama miaka saba. Katikati yetu walizaliwa wengine, na wote walikufa kabla hawajafika umri wa kwenda shule.

Mdogo wangu huyo naye alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Upepo wa baridi ulipoanza kuvuma mwezi wa sita, viungo vyake vilimuuma mpaka akawa analia bila kutoa sauti. Mama alimfunga vitambaa alivyovipasha moto, akamnywesha uji mwepesi kikombe baada ya kikombe, akambeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Kuna siku alicheza na wenzake kama kawaida, na kuna siku weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano, na tukajua kesho yake itakuwa mbaya.

Watu wa upande wa baba walikuwa na maelezo yao juu ya mambo haya. Mama alikuwa Mgogo wa Kintinku; baba alimwona huko alipokwenda na ng'ombe, akamleta kwetu Unyaturu. Bibi, mama yake baba, aliyeishi nasi, aliamini kwamba kasoro ilikuja na mama kutoka kwao. Hakuwahi kulisema mbele yake, lakini nyumba yetu haikuwa kubwa kiasi hicho. Ndugu walimshauri baba aongeze mke. Hakuongeza, wala hakusema kwa nini. Mama naye hakujitetea. Nadhani kwa muda mrefu aliamini kwamba wana haki.

Basi nilipanda lori la kwenda Singida mjini, nikafikia Utemini kwa shangazi, dada yake baba, mwanamke mkali na mwenye moyo mzuri aliyekuwa akipika maandazi ya kuuza. Kesho yake asubuhi nikaenda hospitali. Nilisoma herufi za ukutani, nikasikilizwa kifua, nikachomwa kidole. Daktari alikuwa kijana, mmoja wa wale Waafrika wa kwanza kuja kwetu wakiwa madaktari kamili, na sote pale bado tulimtazama kwa kumshangaa. Alichukua tone la damu yangu, akalipaka kwenye kipande cha kioo, kisha akachukua tone la pili, akalichanganya na dawa, akalifunika na kioo kingine chembamba na kuziba kingo zake kwa mafuta mazito. Niliambiwa nirudi alasiri kuchukua cheti.

Alasiri sikupewa cheti. Muuguzi aliniambia kwamba daktari ameona kitu kwenye damu yangu ambacho anataka kukitazama tena, na kwamba nirudi kesho nikiwa na mtu mzima wa nyumbani. Nilimuuliza ni kitu gani. Akasema hajui, na nikaona kweli hajui.

Nilitembea kurudi Utemini huku nikijitazama mikono. Ilikuwa mikono ileile. Nilifikiria ukoma, kwa sababu nilikuwa nimewaona wenye ukoma. Nikafikiria kifua kikuu. Kisha nikafikiria wale wadogo zangu waliokufa.

Shangazi aliponisikiliza aliacha kukanda unga, akafuta mikono, akafunga mlango.

"Niambie ukweli," alisema. "Una mimba?"

Nikamwambia sina. Akaniuliza tena kwa namna nyingine, na tena kwa namna ya tatu, kwa sababu siku hizo msichana aliyekwama kwenye kipimo cha chuo alikuwa amekwama kwa jambo hilo. Sikukasirika. Nilitamani hata ingekuwa hivyo, maana hilo lingekuwa jambo lenye jina.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Shangazi alikuwa amevaa khanga zake mpya kana kwamba tunakwenda shaurini. Daktari alimwamkia shikamoo, akatukaribisha kwenye chumba kidogo kilichonuka spiriti, na kabla ya kueleza lolote akanichoma tena kidole. Akaweka tone lile bichi chini ya darubini, akarekebisha, akaniambia nitazame.

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe tu. Kisha mwanga ukatulia, na nikaona. Zilikuwa chembe nyingi sana, za mviringo, zimebonyea katikati, zikielea zikigusana na kuachana kama punje za uwele zilizomwagwa majini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba damu ina kitu ndani yake. Nilidhani damu ni damu, kama maji yalivyo maji. Nikamuuliza kama hizo ni zangu. Akasema ni zangu, zimetoka kwangu sasa hivi, na kwamba katika tone lile dogo ziko nyingi kuliko watu wote wa Tanzania.

"Hizo ni nzima," akasema. "Sasa tazama za jana."

Akabadilisha kioo. Hilo lilikuwa tone lililofungiwa, lisilopata hewa. Nilitazama nikadhani amekosea, ameleta damu ya mtu mwingine au ya mnyama. Baadhi bado zilikuwa za mviringo, lakini nyingine zilikuwa zimejikunja na kuchongoka, nyembamba, zimepinda kama mundu wa kukatia majani. Zilikuwa zimelala zimeelekea huku na huku, kimya. Nilirudisha jicho mara kwa mara. Niliogopa, lakini siwezi kusema kwamba niliogopa tu. Nilikuwa natazama ndani ya mwili wangu mahali ambapo hata mama aliyenizaa hakuwahi kufika, na huko palikuwa na umbo, tena umbo zuri, ambalo lilikuwa limekaa ndani yangu siku zote bila kunibisha hodi.

Daktari alinieleza kwamba mimi si mgonjwa. Chembe zangu zinapinda zikinyimwa hewa kabisa, na mwilini mwangu hazinyimwi kiasi hicho. Ningeweza kuishi mpaka uzee bila kujua. Cheti angenipa, na akanipa palepale. Siku hizi ugonjwa unaoletwa na chembe hizo unaitwa selimundu na watoto wa shule wanausoma. Siku hizo haukuwa na jina kwa Kiswahili, na alihangaika kuutafutia maneno.

Kisha akaniuliza tuko wangapi nyumbani.

Nikamwambia. Akauliza kama wapo waliokufa. Nikasema wapo. Akauliza walikufa wakubwa au wadogo, na kama, walipokuwa wachanga, vidole vya mikono na miguu viliwahi kuvimba, vyote kwa pamoja, vikawa vinene na vya moto.

Shangazi alinishika mkono. Vidole vilivyovimba vilikuwa siri ya nyumba yetu. Mama aliwafunika watoto wake mikono kwa nguo watu wasione. Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale hospitali, na shangazi hakuwa amefungua kinywa. Mtu huyu hakuijua Ikungi ila kwa kupita barabarani, na kwa kutazama tone la damu lililofungiwa alikuwa ameingia ndani kwetu mpaka kitandani kwa watoto.

"Vilivimba," nilisema. "Na yupo mmoja aliye hai."

Daktari aliweka mikono yake mezani. Akasema mtoto huyo aletwe, na wazazi wote wawili waje naye.

Nilirudi nyumbani na cheti changu, na sikukionyesha mtu mpaka nilipomaliza kueleza jambo lenyewe. Mama alisikiliza akiwa ameinama juu ya jiwe la kusagia. Hakutaka kwenda. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akapimwe na baba yake, yeye atabaki na kazi. Nilielewa. Aliona kwamba sasa jambo ambalo watu walilisema pembeni litasemwa na daktari, kwa vyombo, mbele ya mumewe. Baba alikaa kwenye kigoda chake akimtazama muda mrefu. Akasema tutakwenda wote, na kwamba kama kuna kubaki, basi sote tutabaki.

Tuliondoka baada ya kuomba ruhusa kwa viongozi wa kijiji, maana ulikuwa wakati wa kuvuna shamba la pamoja. Njiani mdogo wangu alilala mapajani kwa mama. Tulipokaribia mjini aliamka akaliona ziwa, jeupe ukingoni kwa chumvi, na ndege wa rangi ya waridi wamesimama majini. Akauliza kama ndege hao nao hupimwa damu. Baba alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka kwa siku nyingi.

Daktari alimwamkia baba, akamwamkia mama, akachukua damu zao na ya mtoto. Ya mtoto hakuhitaji kuifungia. Alipoitazama mbichi tu, zile zilizopinda zilikuwa zimeshajaa ndani yake. Za wazazi alizifungia, tukakaa uani tukisubiri, tukala maandazi ya shangazi. Tulipoitwa tena alimwita baba kwanza kwenye darubini.

Baba alikuwa mtu mrefu. Ilibidi apige goti moja. Akatazama. Akaulizwa kama anaona zilizopinda. Akasema anaziona.

"Hizo ni zako, mzee," daktari alisema.

Baba hakuondoa jicho. Baada ya muda aliuliza, kwa heshima, kama hakuna uwezekano kwamba vioo vimechanganyika. Daktari akasema amehakikisha. Kisha akaweka kioo cha mama, na baba akatazama hicho pia, akasema ni sawasawa na zake, hawezi kuzitofautisha.

Hapo ndipo daktari alipoeleza. Alisema kila mzazi ana vitu viwili ambavyo vinaamua damu ya mtoto itakuwaje, na humpa kila mtoto kimoja tu, bila kuchagua. Baba ana kimoja kizuri na kimoja kilichopinda. Mama vilevile. Aliyepewa kizuri na kilichopinda, kama mimi, anakuwa mzima kama wao. Aliyepewa vilivyopinda kutoka pande zote mbili ndiye anayeumwa. Alikuwa ametafuta karatasi ili achore, lakini baba alimzuia kwa mkono.

"Ni kama ng'ombe," baba alisema. "Dume jeusi na jike jeusi, na siku moja wanazaa ndama mwekundu. Watu wanasema jike lilikwenda kwingine. Lakini mfugaji anajua wekundu ulikuwa ndani ya wote wawili."

Daktari alimtazama, akaiweka kalamu chini, akasema ndivyo hasa.

Mama alikuwa bado amesimama karibu na mlango, mtoto mgongoni. Hakuwa amekubali kutazama. Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza akimtazama daktari wala si baba.

"Kwa hiyo sikuwafanya kitu?"

"Hukuwafanya kitu, mama. Hata mmoja."

Mama alikaa sakafuni. Kulikuwa na kiti, lakini alikaa sakafuni, akamteremsha mtoto, akamkumbatia kwa mbele. Hakulia kwa sauti. Baba alisogea akakaa chini karibu naye, jambo ambalo mwanaume wa rika lake hakulifanya mbele ya watu.

Daktari alikuwa mkweli. Alisema hawezi kumponya mtoto, na hajui atafika umri gani. Aliwaeleza wamkinge na baridi, anywe maji na uji kwa wingi, ameze vidonge vya malaria kila wiki na vya kuongeza damu, na homa yoyote isisubiriwe. Mama alisema kwa mshangao kwamba uji na joto ndivyo alivyokuwa akimfanyia. Daktari akasema basi aendelee vivyo hivyo.

Nilimuuliza daktari jambo lililokuwa likinisumbua: kitu kinachoua watoto namna hii kimewezaje kudumu mpaka kutufikia, kwa nini hakikufa pamoja nao. Alifurahi kuulizwa. Akasema wataalamu wanaamini kwamba aliye na kile kimoja kilichopinda haangushwi kirahisi na malaria akiwa mtoto. Wakati wa mababu, homa ilipopita nyumba hadi nyumba, waliosalia walikuwa wengi wao watu kama baba, kama mama na kama mimi. Ndiyo maana kimefika.

Nilitoka nje nikasimama uani. Nilijaribu kuwaona watu hao, Wanyaturu wa baba na Wagogo wa mama, na walio nyuma yao ambao hata majina ya makabila yao sikuyajua, wakihama na mifugo mwaka baada ya mwaka, wakizika na kuzaa, wakibeba kitu hiki bila kukijua, kikiwaokoa na kikiwanyang'anya. Homa ambazo hazikuwahi kunilaza utotoni, huenda ni hicho kilichozizuia. Mdogo wangu alikuwa analipia uzima wangu, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Nimekaa na wazo hilo maisha yangu yote na bado sijalizoea.

Mdogo wangu mwenyewe alidai naye aonyeshwe damu yake. Mama alikataa, daktari akamtazama baba, na baba akambeba akamsimamisha kwenye kiti. Alitazama kwa utulivu wa mtu mzima.

"Zinafanana na mwezi ukiwa mdogo," alisema, kisha akauliza kama anaweza kuziona tena siku nyingine.

Nyumbani, baba hakungoja kuulizwa. Jioni ileile, tukiwa bado tunakula, alimweleza bibi kila kitu, na alikieleza kwa Kinyaturu ili pasiwe na neno la kupotea. Alisema alichokiona kwa jicho lake mwenyewe ni kwamba jambo hili limetoka kwake sawa na lilivyotoka kwa mkewe, na kwamba kama limetoka kwake, basi yeye amelipata kwa waliomzaa. Nilidhani bibi atakasirika. Aliendelea kumega ugali, lakini hakuupeleka mdomoni.

Mwishowe akasema kwamba kabla ya baba alizaa mtoto wa kiume. Baba hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Bibi akasema mtoto yule vidole vyake vilivimba, vya mikono na vya miguu, na mama mkwe wake alimwamuru asilizungumze kamwe. Akataja jina la mtoto. Halafu akamsogezea mama bakuli la mlenda, akamwambia ale, akimwita mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo.

Nilikwenda chuoni, nikawa mwalimu. Aliponijia mchumba, nilimwambia kabla ya mahari kuzungumzwa kwamba kwanza tutakwenda hospitali, na nikamweleza kwa nini. Alikubali, akapimwa, zake zikawa za mviringo zote. Sijui ningefanya nini kama zingepinda. Nilimpenda, na nashukuru sikulazimika kujua.

Mdogo wangu aliishi kuliko alivyotarajia yeyote. Kila mwezi wa sita ulitutia hofu, na mara kadhaa alilazwa, lakini alimaliza shule ya msingi, akajifunza kushona, akawa na cherehani yake kwenye duka la ushirika la kijiji. Alishona nguo za watoto wangu wote. Alikuwa mcheshi, na hakupenda kuonewa huruma. Alifariki akiwa mwanamke mzima, baada ya homa iliyompata ghafla msimu wa mvua.

Msibani walikuja watu wengi, na wanawake walipokaa na mama, mmoja wao alianza kunong'ona kama walivyonong'ona zamani. Mama alimsikia. Akageuka, akawaeleza wote pale kwenye mikeka, kwa sauti ya kawaida, ugonjwa wa mwanawe ulikuwa nini, kwamba ulitoka kwake na kwa mumewe kwa kiasi kilekile, na kwamba hakuna aliyemroga mtu. Akawaambia kwamba mwenye mtoto anayevimba vidole asimfunike mikono, ampeleke akapimwe. Waliitikia kwa adabu, wakarudi kwenye nyimbo zao. Lakini watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja kijana, mke wa jirani aliyehamia karibuni, alibaki amesimama ukutani na mtoto mgongoni, mikono ya mtoto ikiwa imefunikwa kwa nguo. Mama alimwona, akasogea kidogo, akampa nafasi mkekani.